Kidole gumba cha mguu kikikauka: upasuaji upi unamfaa nani

Ukichechemea mjini Kisumu kwa sababu ya kidole gumba cha mguu, jirani atakupa jibu kabla hujamwona daktari: ni jongo, acha nyama. Huenda yuko sahihi, maana jongo hupenda sana kiungo hicho. Lakini jongo huja kwa kishindo, mara nyingi usiku, kidole kikawa chekundu na cha moto hata shuka likikigusa mtu anaruka. Baada ya siku kadhaa hutulia, mtu akatembea kama kawaida hadi siku litakaporudi. Kuna maradhi mengine, haya ya kidole kukauka, yanayokaa mahali pale pale na yasiyo na haraka. Haya huanza na ugumu mdogo asubuhi, kisha maumivu ya kupanda ngazi, kisha kinundu kigumu juu ya kiungo kinachosuguliwa na kiatu. Miaka inapita, kidole kinazidi kukataa kupinda kwenda juu. Hapo gegedu, lile tabaka laini na nyororo linalofunika ncha za mifupa, limelika, na hakuna lishe itakayolirudisha.

Mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo kipimo cha damu na picha ya eksirei huja kabla ya mazungumzo yoyote ya kisu. Picha ipigwe ukiwa umesimama, uzito ukiwa juu ya mguu, kwa sababu nafasi kati ya mifupa huonekana tofauti ukiwa umelala. Kama ni jongo peke yake, dawa za kushusha asidi ya yuriki ndizo tiba, na makala haya hayakuhusu sana.

Kiungo tunachokizungumzia kiko pale ambapo mfupa mrefu wa wayo unakutana na mfupa wa kwanza wa kidole gumba. Kikiwa kizima hupinda kwenda juu kwa takriban nyuzi 65 hadi 75. Kila hatua, kisigino kinapoinuka, mwili mzima husukumwa mbele kupitia hapo. Madaktari wa Uingereza waliueleza ugonjwa huu tangu mwaka 1887. Wengine huupata baada ya jeraha la zamani, labda jiwe lililopigwa teke kwenye mpira wa peku miaka 30 iliyopita. Wengine wamerithi umbo la mifupa, na hao mara nyingi huuguza miguu yote miwili. Wengi hawana sababu yoyote wanayoweza kuitaja.

Kabla ya upasuaji kuna mambo rahisi, na kwa watu wengi yanatosha kwa miaka. Kiungo kinauma kwa sababu kinapindwa, kwa hiyo kisipindwe sana. Soli ngumu iliyopinda kidogo mbele, ili mguu ujiviringishe badala ya kidole kukunjika, husaidia kuliko tembe nyingi, na fundi wa viatu anayejua kazi yake pale Kibuye au sokoni Nakuru anaweza kuitengeneza ukimweleza unachotaka. Kiatu kiwe kipana mbele na kirefu juu ya vidole. Viatu vyembamba vinavyokunjika kama karatasi, hata vikiwa na bei, ni adui wa kidole hiki. Sindano ya steroidi ndani ya kiungo huweza kutuliza kwa wiki au miezi, zaidi kwa wale ambao ugonjwa haujafika mbali. Dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac zina kazi yake, lakini zikimezwa kila siku huumiza tumbo na figo.

Vikishindikana hivyo, ndipo watu huuliza: upasuaji gani ni bora? Hilo ni swali gumu kulijibu kwa sababu halijakamilika. Mimi naona kuna maswali mawili yanayopaswa kuja kwanza. Maumivu yako yako wapi katika mwendo wa kidole: mwishoni tu, kinapokataa kupinda zaidi, au njia nzima? Na upasuaji huo usipofaulu, ni nini kitakachobaki cha kufanya? Ukiyashika hayo mawili, orodha ndefu ya majina ya operesheni inajipanga yenyewe.

Kukwangua kinundu

Daktari mzuri wa mifupa atashika kidole chako na kukipinda taratibu juu na chini. Ukiwa huna shida katikati lakini unaruka anapofika juu kabisa, basi kinachokuumiza zaidi ni ule mfupa ulioota juu ya kiungo. Kidole kinapanda, kinagonga, kinasimama, kama mlango unaokwama kwenye jiwe lililowekwa nyuma yake. Ondoa jiwe, mlango unafunguka. Hivyo ndivyo upasuaji wa kukwangua unavyofanya kazi: daktari anafungua juu ya kiungo, anakata vinundu vyote pamoja na sehemu ya juu ya kichwa cha mfupa wa wayo, kwa kawaida robo hivi au zaidi kidogo, kisha anapinda kidole hapo hapo mezani kuhakikisha kimepata nafasi.

Uzuri wake ni kwamba haukufungii njia nyingine. Hakuna chuma kinachobaki, hakuna mifupa ya kusubiri ishikane. Unaweza kukanyaga mapema ukiwa na kiatu cha soli ngumu, na nyuzi hutolewa baada ya wiki mbili hivi. Ugonjwa ukiendelea baada ya miaka, bado milango mingine yote iko wazi.

Lakini kuna kazi, na kazi hiyo ni ya mgonjwa. Kidole lazima kianze kupindwa kwa mkono siku chache baada ya upasuaji, mara kadhaa kwa siku, kinauma, kimevimba, bila kuhurumiwa. Anayekiacha kitulie kwa sababu ya uchungu atapata kovu litakalokifunga tena, na atasema upasuaji haukusaidia. Uvimbe huweza kukaa miezi kadhaa. Ganzi kidogo pembeni mwa kidole pia hutokea, kwa kuwa mshipa mdogo wa fahamu hupita hapo hapo panapokatwa.

Mwaka 2003 madaktari wa Marekani, Michael Coughlin na Paul Shurnas, walichapisha matokeo ya wagonjwa 110 waliofuatiliwa kwa miaka mingi. Asilimia 92 ya upasuaji wa kukwangua ulikuwa umefaulu kwa maumivu na matumizi ya mguu. Idadi hiyo inavutia, ila isomwe pamoja na walichosema baadaye: mgonjwa ambaye kiungo chake kimeharibika kabisa, au ambaye akifunguliwa anakutwa na chini ya nusu ya gegedu, asikwanguliwe, bali mifupa iunganishwe. Kwa maneno mengine, walifaulu kwa sababu walichagua nani wa kumkwangua.

Hapo kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi hadi waamke. Hali halisi ya gegedu wakati mwingine huonekana baada ya kufungua tu. Kwa hiyo kabla ya kutia sahihi ile fomu ya kukubali upasuaji, muulize daktari: ukikuta gegedu limeisha, utafanya nini? Kama jibu ni kuunganisha, lijadiliwe mkiwa mmeketi kliniki, maana wiki zako mbili za kupumzika zitageuka miezi.

Kuna nyongeza ndogo inayoweza kuambatana na kukwangua: kukata kipande chembamba cha umbo la kabari kwenye mfupa wa kidole chenyewe ili kidole kizima kiinamie juu kidogo. Huitwa kwa jina la daktari wa Uswidi, Erik Moberg, aliyeieleza mwaka 1979. Kiungo hakipati mwendo mpya. Mwendo kilicho nao unasogezwa tu kuelekea upande unaotumika zaidi kutembea.

Kuunganisha mifupa

Ikiwa kidole kinauma njia nzima, juu, katikati na chini, hata kikisogezwa kidogo tu, kuondoa jiwe nyuma ya mlango hakusaidii. Uso wote wa kiungo umeharibika. Hapa upasuaji unaotegemewa kuliko wote ni ule unaowaogopesha watu kuliko wote: gegedu lililobaki linaondolewa lote, ncha mbili za mifupa zinasafishwa zikutane vizuri, zinabanwa kwa skrubu au kwa bamba la chuma na skrubu, na baada ya wiki sita hadi nane au zaidi zinakuwa mfupa mmoja. Kiungo hakipo tena. Kisichokuwepo hakiumi.

Nimesikia watu wakikataa papo hapo: nitatembeaje na kidole kigumu? Ukweli ni kwamba wengi wao tayari wanatembea na kidole kigumu, tofauti ni kwamba kinauma. Mifupa ikishikana vizuri, watu hutembea kilomita nyingi, hupanda vilima, wengine hukimbia. Kiungo kidogo kilicho karibu na ukucha kinabaki na mwendo wake na kubeba sehemu ya kazi, ingawa baada ya miaka mingi nacho kinaweza kuchoka.

Kila kitu kinategemea pembe. Kidole kikiunganishwa kikiwa kimelala mno, kila hatua kitasukuma ardhi kwa nguvu na kile kiungo cha karibu na ukucha kitateseka. Kikiinuka mno, kitagonga juu ya kiatu na hakitagusa chini. Madaktari wengi hulenga nyuzi 10 hadi 15 kutoka sakafuni, kidole kikiinama kidogo kuelekea vidole vingine, na chumbani mwa upasuaji hubonyeza kitu bapa chini ya wayo kuona kama kidole kinagusa inavyotakiwa. Pembe hiyo ndiyo itakayoamua viatu vyako vya maisha. Mama anayevaa kisigino kirefu kila Jumapili na mkulima anayeshinda ndani ya gambuti hawahitaji pembe ileile, na daktari hawezi kujua usipomwambia. Vaa siku ya kliniki viatu unavyovaa kweli, si vile vya kuonekana.

Huku kwetu kuna maswali ambayo vitabu vya ng'ambo havitilii mkazo. Mtu anayepiga magoti kanisani huku vidole vimekunjwa chini yake, Mwislamu anayesujudu na kukaa tahiyatu kidole kikielekea kibla, mama anayepiga deki akiwa magotini, anayechuma chai kwenye miteremko ya Nandi: wote hawa hukipinda kidole kwenda juu kwa nguvu kuliko kutembea kwenyewe. Baada ya kuunganishwa hawatakipinda tena. Kuchuchumaa kwenye choo cha shimo huku wayo wote umekanyaga chini hakutegemei kiungo hicho sana, lakini anayechuchumaa visigino vikiwa juu atalazimika kubadili mtindo. Wengi hupata njia, kama vile kuulaza mguu ili mgongo wa wayo uguse chini badala ya kukunja vidole. Lijadiliwe mapema ili lisije kukushtua.

Kushindikana kupo. Katika wagonjwa wachache, kwa kawaida chini ya mmoja kati ya kumi, mifupa haishikani. Sigara huongeza hatari hiyo waziwazi, na kisukari kisichodhibitiwa huchelewesha kidonda na mfupa pamoja. Wakati mwingine mifupa isiyoshikana haiumi hata hivyo, na huachwa. Wengine huhitaji chuma kutolewa baadaye kwa sababu kinasumbua chini ya ngozi, kazi ndogo ukilinganisha na ile ya kwanza.

Kiungo bandia na ndoto zake

Jamaa aliyeko Marekani atakutumia video ya kiungo bandia cha kidole, na swali litakuja lenyewe: kama goti na nyonga hubadilishwa, kwa nini kidole kisibadilishwe? Kinabadilishwa. Kuna vya silikoni, vya chuma upande mmoja, vya chuma na plastiki pande zote mbili. Shida ni kwamba kidole ni kidogo, mfupa wake ni mwembamba, na nguvu zinazopita hapo kila hatua ni kubwa.

Mwaka 2005 watafiti wa Edinburgh walichapisha jaribio ambalo wagonjwa 63, wenye vidole 77 vilivyougua, walipangwa kwa kura: wengine waunganishwe mifupa, wengine wawekewe kiungo bandia cha pande mbili. Baada ya miaka miwili, vidole vyote 38 vilivyounganishwa vilikuwa vimeshikana. Kati ya viungo bandia 39, sita vilikuwa vimetolewa kwa sababu vililegea. Maumivu yalipungua pande zote mbili, ila zaidi kwa waliounganishwa.

Halafu kikaja kipande cha gegedu bandia, kigingi kidogo laini kinachochomekwa kwenye kichwa cha mfupa, kikiuzwa kwa jina la Cartiva. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikiidhinisha mwaka 2016 baada ya jaribio lililofanywa Kanada na Uingereza kuonyesha kwamba baada ya miaka miwili hakikuwa nyuma ya kuunganisha. Watu walifurahi: maumivu yanaondoka, mwendo unabaki. Mwaka 2024 kampuni ilikirudisha kutoka sokoni kwa sababu, kilipotumiwa na wengi, visa vya kigingi kuzama ndani ya mfupa, kuhama na kuhitaji upasuaji wa pili vilizidi ilivyotarajiwa. Sisemi hakuna aliyenufaika. Nasema miaka miwili ni muda mfupi mno kwa kitu utakachokikanyagia maisha yako yote.

Rudi sasa kwenye lile swali la pili. Kukwangua kukishindikana, unaunganisha kama kawaida. Kiungo bandia kikishindikana, kimeshakula mfupa, na wakati wa kuunganisha kidole kimekuwa kifupi, hivyo mara nyingi daktari hulazimika kuchota mfupa kwingine, kwa mfano nyongani, kujazia pengo. Upasuaji unakuwa mkubwa na kupona kunakuwa kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo maana, kwa mtu mwenye miaka 50 anayelima na kubeba mizigo, mimi naona kiungo bandia ni kamari isiyomfaa.

Kuna njia moja ya zamani ambayo haihitaji chuma hata kidogo, iliyoelezwa na daktari wa jeshi la Marekani, William Keller, mwaka 1904: kukata kipande cha mwanzo cha mfupa wa kidole na kuacha nafasi. Ni ya haraka na ya gharama ndogo, maumivu hupungua, lakini kidole kinakuwa kifupi, kilegevu, kinaweza kuinuka, na uzito huhamia kwenye vidole vya pembeni hadi navyo vikaanza kuuma. Kwa mzee anayetembea ndani ya boma tu, ni chaguo la heshima. Kwa kijana, ukiambiwa hii bila maelezo, tafuta maoni ya daktari wa pili. Wapo wanaoboresha njia hii kwa kukata mfupa kidogo na kutia kipande cha tishu ya mgonjwa mwenyewe katikati ya mifupa. Matokeo hutegemea sana mkono wa anayefanya.

Tarehe, matope na pesa

Upasuaji huu si wa dharura, kwa hiyo una nafasi ya kuchagua wakati. Aliyeunganishwa mifupa hutembelea kisigino kwa wiki kadhaa, akiwa na kiatu maalumu na mara nyingi magongo. Jaribu hilo kwenye udongo mweusi wa uwanda wa Kano mwezi wa Aprili, kwenye utelezi kati ya nyumba na choo, ndipo utaelewa kwa nini ningeomba tarehe nje ya mvua za masika. Kwa kukwangua, matope ni tishio la kidonda kwa wiki mbili za mwanzo, baadaye unaweza kujitegemea.

Dereva wa matatu hutumia mguu wa kushoto kwa klachi na wa kulia kwa breki. Wa boda boda hubadilisha gia kwa kushoto na kubonyeza breki ya nyuma kwa kulia. Hakuna mguu wa akiba kwa kazi hizo. Baada ya kuunganishwa, hesabu miezi miwili au zaidi bila mapato ya barabarani, na usirudi mpaka uweze kukanyaga breki kwa nguvu zote bila kusita. Ukiwa na miguu yote miwili mibovu, fanya mmoja kwanza.

Kwa wakazi wa Nyanza na Magharibi kuna jambo la kutaja hata usipoulizwa: selimundu (sickle cell), ugonjwa wa damu wa kurithi ambao ni wa kawaida katika maeneo haya. Upasuaji wa mguu mara nyingi hufanywa mkanda ukiwa umefungwa mguuni kuzuia damu, na mwenye selimundu anahitaji mpango tofauti wa ganzi, maji mwilini na mkanda huo. Kama hujawahi kupimwa na kuna ugonjwa huo kwenu, omba kipimo.

Idara za mifupa zipo katika hospitali kubwa za rufaa: Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, ile ambayo wenyeji wengi bado wanaiita Russia, hospitali ya rufaa ya Nakuru, na Moi kule Eldoret. Mahali kama hapo vitanda hujaa majeruhi wa ajali, na kidole kilichokauka husubiri zamu. Kinachobadilisha bili ni vyuma. Kukwangua hakuvihitaji, kuunganisha kunavihitaji, na mara nyingi mgonjwa ndiye anayetakiwa kuvinunua. Kabla ya kukubali tarehe, pata kwa maandishi bei ya skrubu na bamba peke yake, kisha uende nayo kwenye dawati la SHA, bima iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uulize ni kiasi gani kitaidhinishwa kabla hujalazwa. Muulize daktari pia ni vidole vingapi vya aina hii amevifanya. Daktari wa mifupa anaweza kuwa hodari kabisa wa mapaja yaliyovunjika na awe ameunganisha vidole vichache tu, na yule anayekujibu bila kukasirika ndiye wa kuendelea naye.